Kilichosikika Tu Hakiandikwi

Siku ya kuondoka, Lowell Bergstad alipakia gari kwa mpangilio uleule wa miaka kumi na mmoja. Buti ilichukua masanduku mawili ya nguo na kikasha cha barafu chenye sandwichi za njiani. Kwenye kiti cha nyuma, upande wa dereva, alilaza darubini kubwa juu ya mto na kuifunga mkanda, na pembeni yake akaweka ile miguu yake mitatu. Upande wa pili alipanga darubini nne za shingoni, kamera, vitabu vya ndege na viti viwili vya kukunja. Alifunga mlango, akachungulia kioo, akaridhika.

Dada yake, Ardis, alikuwa amesimama kwenye ngazi za nyumba ya wazazi wao, huko kaskazini mwa Minnesota, amevaa koti la miraba nyekundu na kofia ya kutokea. Sanduku lake lilikuwa miguuni. Alikuwa na miaka themanini na miwili, na macho yake yalibaki kutofautisha mwanga na giza tu.

"Mdogo wangu, nafasi ipo?"

"Gari limejaa, dada. Mwakani."

"Mwaka jana ulisema mwakani."

"Na si ndio huo unakuja?"

Darlene, mke wa Lowell, alikuwa ameshakaa mbele na mkanda ameufunga. Ndiye aliyetusimulia haya baadaye, na hakujipendelea katika kusimulia. Alisema alikuwa ameshika ramani anaisoma, ramani ya njia anayoijua kuliko kiganja chake. Walimwachia Ardis kuni, magunia mawili ya mbegu za alizeti za kulisha ndege, na kamba mpya iliyofungwa kutoka kitasa cha mlango hadi nguzo ya kijumba cha mbegu, pale ndege wanapolia. Ndivyo wanavyofanya watu wa huko, ili theluji ikivuma mtu asipotelee uani kwake mwenyewe. Lowell aliikaza kwa mikono yake. Ilikuwa kamba nzuri.

Siku ya tatu jioni walifika kwetu. Kambi yetu iko ukingoni mwa ghuba, Texas, matrela sitini yaliyopandishwa juu ya matofali, na karibu wote tumetoka kwenye baridi: Minnesota, Iowa, wengine Kanada. Tunashuka na makorongo mwezi wa kumi na moja na tunapanda nao mwezi wa nne. Katikati tunatazama ndege, na Jumatano kila mtu anakuja ukumbini na chungu chake tunakula pamoja.

Lowell ndiye mwenyekiti wa watazama ndege, na ni mwenyekiti mkali. Sheria ya kambi ameileta yeye na sote tunaijua kwa moyo: ndege haandikwi mpaka aonwe na wawili, mume na mke, kwa wakati mmoja, na aliyesikika tu haandikwi kabisa. Alisema masikio yanadanganya. Sheria hiyo ilikuja mwaka uleule macho ya Ardis yalipokwisha, na Ardis ndiye aliyemfundisha Lowell ndege tangu ana miaka sita, kwa masikio, wamelala chali kwenye nyasi wamefumba macho. Tulipiga kura kwa kunyoosha mikono. Mkono wangu ulikuwa juu pamoja na ya wengine.

Trela la akina Bergstad lina vyumba viwili vya kulala, na cha pili kilikuwa cha Ardis. Wakati wa kununua, aliambiwa achague rangi, akachagua kijani. Akashona blanketi la viraka akalituma kwa posta, nalo likatandikwa kitandani. Majira kumi na moja ya baridi lilitandikwa hivyohivyo, na hakuna aliyelilalia.

Wiki ya mwisho ya mwezi wa kumi na moja Darlene alifungua chumba hicho ili kukipitisha hewa. Nje watu walikuwa wamevaa kaptura. Ndani, pumzi yake ilitoka moshi, na glasi ya maji iliyosahauliwa dirishani ilikuwa imeganda na kupasuka. Dirisha la chumba hicho siku zote lilitazama ukuta wa trela la Duane Kessel na mpira wake wa kumwagilia bustani. Asubuhi hiyo lilitazama ua wa nyumba ya kaskazini: theluji imefika magotini, ile kamba, ile nguzo, na kijumba cha mbegu. Darlene alimwita mumewe.

Lowell aliingia na kipimajoto. Kilisoma nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri, akaandika. Kisha kijindege chenye kofia nyeusi, ambacho hakijawahi kukanyaga pwani yetu tangu kambi ianze, kikatua kwenye kijumba na kuchukua mbegu moja.

"Umekiona?" Lowell aliuliza.

"Nimekiona," Darlene alisema. "Lowell, pale ni nyumbani."

"Basi tumekiona wawili," akasema Lowell, na akakiandika.

Habari ilienea kabla ya chakula cha mchana. Duane, mtu wa Iowa asiyejua kunyamaza, alisimama mlangoni kwa ndala zake akapulizia viganja. "We Lowell, umefungua bucha humu ndani na hutuambii?" Jioni alileta samaki wake wawili walioizidi friza yake, akawapanga chini ya kitanda. Kesho yake akina mama wa mstari wa pili wakaleta kaa. Mimi mwenyewe nilipeleka bata wa Krismasi, siwezi kujitoa. Tuliandika majina yetu kwenye mifuko ili tusigombane. Friza zetu za matrela ni ndogo sana, kila mtu analijua hilo.

Lowell aliingiza viti viwili mbele ya dirisha, kisha sita, kisha akaanza kutoa zamu. Tulikaa mle na makoti tuliyokuwa tumeapa kutoyavaa tena mpaka mwezi wa nne. Kwa siku tisa orodha ya kambi iliongezeka ndege kumi na wanne wa theluji. Hakuna kambi nyingine ya ghuba yenye orodha kama hiyo, na hesabu ya ndege ya mwisho wa mwaka ilikuwa Jumamosi ya tatu ya mwezi wa kumi na mbili. Sitasema tulikuwa na huzuni. Tulikuwa na furaha kubwa.

Kila asubuhi saa moja Ardis alitoka nyumbani, mkono mmoja kwenye kamba, mwingine umebeba kopo la mbegu. Alikuwa akivaa lile koti la miraba nyekundu. Alijaza kijumba kwa kupapasa, akarudi hatua mbili, akasimama ameinamisha kichwa na kuanza kuwataja. "Gogota, jike. Kofia nyeusi wanne. Hapana, watano, mmoja yuko nyuma ya ghala." Sisi tulikuwa tukielekeza darubini nyuma ya ghala, na kweli alikuwepo. Hakukosea hata mara moja. Lakini hatukuweza kumtumia, kwa sababu ya sheria.

Asubuhi moja Lowell alifungua dirisha upana wa vidole vinne ili kamera isipige picha kupitia kioo. Theluji kidogo iliingia ikaangukia magoti yetu. Kamera ililia mara moja. Ardis aligeuza uso.

"Lowell? Ni wewe?"

Alikuwa hatua kumi na mbili kutoka kwetu. Lowell aliweka kidole midomoni. Sisi ni watu tuliozoea kujificha kwenye matete kwa saa tatu bila kukohoa, na kidole kile tunakitii kabla hatujafikiri. Tulikuwa saba mle ndani.

"Nasikia mnapumua," Ardis alisema.

Tukazuia pumzi. Nakumbuka nilihesabu hadi arobaini. Alisubiri, kopo amelikumbatia kifuani, uso wake umetuelekea sawasawa, na kisha akaishika kamba akarudi ndani polepole. Darlene alikuwa ameshafungua mdomo. Lakini wakati huohuo wakatua kijumbani wale shomoro weupe wa theluji, kundi zima, na Lowell akamkamata mkono ili waone wote wawili.

Mtu wa kwanza kuuliza alikuwa Chayo. Chayo ndiye mwangalizi wa kambi, mzaliwa wa hapo ghubani, mama mwenye mwili wake na asiyebembeleza mtu. Alikuja kwa sababu maji yalikuwa yakichuruzika chini ya trela. Aliangalia samaki, akaangalia viti, kisha akaangalia dirishani kwa muda mrefu kuliko sisi sote.

"Huyu bibi ni nani?"

"Dada yangu," Lowell alisema.

"Na mbona hamumwingizi ndani?"

"Hesabu ni Jumamosi, Chayo. Nikifungua dirisha lote, nikianza kuita, ndege wote wanatawanyika. Unajua ni kazi gani kuwazoesha?"

"Mzee, dirisha hili hata mimi na unene wangu huu napita."

"Jumapili," Lowell alisema.

"Na kitanda chake hiki hapa kimetandikwa."

"Nimesema Jumapili."

Chayo alitandika taulo pale maji yalipokuwa yakitoka. "Haya. Mimi nimeuliza tu," akasema, akaenda zake. Katika kambi nzima ni yeye peke yake ambaye hakuweka kitu mle chumbani, na friza yake ni ndogo kuliko zetu.

Wiki hiyohiyo ya hesabu, gunia la pili la mbegu liliisha. Tulijua kwa sababu kopo lilianza kutoa sauti tofauti. Jumanne Ardis alimimina konzi moja. Jumatano alileta makombo ya mkate. Moshi kwenye dohani ulikuwa mwembamba, na Duane alisema labda kikongwe ameamua kubana matumizi ya kuni, na watu wawili wakacheka. Siku hiyo Ardis aliteleza akabaki ananing'inia kwenye kamba, halafu akajivuta akasimama. Tulishusha pumzi, kwa sababu gogota alikuwa hajaruka.

Alhamisi alitoka saa tatu badala ya saa moja, bila kofia. Kopo lilikuwa tupu. Aliligonga na kijiko, kama mtu anayewaita kuku, na ndege wakaja wakatua kwenye kijumba kitupu na kwenye mabega yake. Kwenye dohani hakukuwa na moshi.

Darlene alitoka kwenye zamu, akaenda jikoni, akapiga simu kaskazini. Tuliokuwa chumbani tuliisikia ikilia kupitia ule upenyo wa dirisha, ndani ya nyumba ya kule, kengele ya zamani inayotikisa ukuta. Ardis aliisikia pia. Aligeuka, akaanza kuifuata kwa kamba, mkono baada ya mkono. Ndege wakaruka wote.

"Unawatisha," Lowell alisema. Alikwenda jikoni akaichukua simu mkononi mwa mkewe, bila ukali, akaikata. Uani, Ardis alikuwa amefika nusu ya kamba. Alisimama palepale, akisikiliza kama italia tena.

"Lowell, moshi hakuna," Darlene alisema. "Na magunia tulimpimia sisi."

"Jumapili asubuhi, mama. Namwita jirani, nafungua dirisha, tunafanya yote unayotaka. Nimekuomba siku mbili katika miaka hamsini."

"Ni wifi yangu yule."

"Na ni dada yangu. Kwani nimesema si dada yangu?"

Darlene alituambia kwamba hapo ndipo alipopaswa kuvua viatu na kupanda dirisha. Badala yake alitengeneza kahawa, na tukainywa.

Jumamosi ya hesabu kila wawili walikuwa na eneo lao. Mimi nilikuwa kwenye matete upande wa gati. Lowell na Darlene walikaa peke yao chumbani kuanzia saa kumi na mbili na nusu. Kulipopambazuka ua ulikuwa mweupe mtupu. Kamba ilikuwa imekatika karibu na nguzo, na ncha yake ilikuwa ikipeperuka. Hakukuwa na nyayo. Chini ya kijumba palikuwa na kilima kidogo cha theluji ambacho jana hakikuwepo, na juu yake alikuwa ametua bundi mkubwa mweupe, macho ya manjano, amekaa kwa utulivu kama mwenye mahali pake.

Bundi huyo Lowell alikuwa amemtafuta tangu utoto. Alilenga darubini mara tatu ndipo akampata.

"Umemwona?" alinong'ona.

"Nimemwona."

"Sema umeona nini, tuandike."

"Bundi mweupe," Darlene alisema. "Na chini yake mkono wa koti. Miraba nyekundu. Lowell, tazama chini yake."

Lowell hakutazama chini. Aliinua darubini kidogo juu, kwenye kichwa cha bundi. "Mimi nimeona bundi," alisema. "Kisichoonwa na wawili hakiandikwi." Akaandika: bundi mweupe, mmoja, saa moja na dakika nne.

Darlene alisukuma dirisha likafunguka lote, akatoa kichwa na mikono. Aligusa ukuta wa trela la Duane. Mpira wa kumwagilia ulikuwa chini, umekunjwa, na hewa ilinuka chumvi. Alirudisha kichwa ndani, na ndani kulikuwa bado nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri.

Jioni tulikula ukumbini. Kambi yetu ilikuwa na ndege mia moja na kumi na wanane, na Lowell alipigiwa makofi tukiwa tumesimama. Darlene aliketi na kofia yake ya sufu kichwani, hakuivua.

Jumatatu ilipigwa simu kutoka wilaya ya kaskazini. Dereva wa mtambo wa kusukuma theluji alikuwa ameona hakuna moshi, akashuka kuangalia. Walitoa pole, wakasema ardhi imeganda na kaburi halichimbiki, kwa hiyo mwili utahifadhiwa hadi mwezi wa tano, kama ilivyo kawaida ya huko. Lowell aliwashukuru. Akamwambia mkewe kwamba basi hakuna haja ya kukatisha msimu.

Kesho yake blanketi la viraka lilikutwa limelaliwa. Mto ulikuwa na tundu la kichwa, na sanduku la Ardis lilikuwa kando ya kitanda. Saa moja asubuhi sauti ilianza kutoka chumbani, mlango umefungwa. "Mwari, kumi na wawili. Korongo weupe wawili na mtoto wao, mbali, juu ya maji." Tulitoka na darubini. Walikuwepo, wawili na mtoto wao, mbali.

Tangu hapo alitaja kila asubuhi. Aliwasikia ndege ambao sisi tumeishi nao miaka na hatukuwajua: wa matope, wa vichakani, wa kupita tu juu gizani. Darlene alikaa sakafuni kwa nje ya mlango akihesabu kwa vidole, na ilipofika mwezi wa pili wifi yake alikuwa na ndege mia na sitini na watatu. Alimwuliza mumewe kama angewaandika hata pembeni, kwa penseli.

"Wamesikika tu," Lowell alisema.

Sisi tuliendelea kuchukua samaki wetu. Tofauti ni kwamba sasa tulibisha.

"Hodi, mama," Duane alikuwa akisema.

"Karibu."

"Nachukua samaki wangu, mkubwa huyu."

"Chukua, baba. Ukitoka funga mlango, joto linaingia."

Mwezi wa nne makorongo walipaa, na Lowell akapakia gari. Masanduku na kikasha cha barafu kwenye buti. Darubini kubwa juu ya mto, imefungwa mkanda. Alikuwa akipanga vile viti vya kukunja wakati sauti ilipotoka kupitia dirisha la chumba, na sote tuliokuja kuwaaga tuliisikia.

"Mdogo wangu, nafasi ipo?"

Lowell hakuinua kichwa. "Unataka kwenda wapi, dada?"

"Kuzikwa. Si mnakwenda kunizika?"

Darlene alisema, "Naweza kuishika hiyo darubini mapajani."

"Siku tatu? Itagongwa." Lowell alikaza mkanda wa darubini, akaujaribu kwa kuuvuta. "Gari limejaa, dada. Mwakani."

Darlene alisimama kidogo, mlango wa gari ukiwa wazi. Kisha akaingia, akafunga mkanda, akachukua ramani. Sote tuliwapungia mkono mpaka walipokata kona ya barabara kuu. Mwezi wa tano huko kaskazini walizika walichokuwa nacho.

Mwaka huo Duane alibaki kambini kwa sababu ya goti lake linalomuuma, na mimi nilibaki kwa sababu hakuna anayenisubiri kule. Joto la ghubani halisemeki, friza zinazidiwa. Tunabisha hodi, tunakaribishwa, tunachukua cha kwetu chini ya kitanda. Kila mara anauliza kama gari limerudi.

"Bado, mama," tunamwambia, na tunafunga mlango ili joto lisiingie.